Sensa za Sukari, Betri na Pipa la Taka: Vifaa vya Afya Tunavyovaa Vinaishia Wapi?

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo halizungumzwi sana kliniki kwa sababu muda ni mfupi, lakini linaingia nyumbani kwa wengi wetu. Ni vile vifaa vidogo vya umeme tunavyovaa mwilini kwa ajili ya matibabu: sensa ya sukari mkononi, pampu ya insulini tumboni, kifaa cha kusaidia kusikia na kadhalika. Vinatusaidia sana, hilo halina ubishi. Swali ni hili: vikishamaliza kazi yake, vinakwenda wapi?

(Ninaposema "sensa" leo simaanishi ile ya kuhesabu watu! Namaanisha kile kidude cha duara kinachobandikwa kwenye ngozi kupima sukari.)

Nimesomea uuguzi nyumbani Tanzania, kisha nikasoma tena hapa Uingereza ninakofanya kazi, kwa hiyo mifano mingi itakuwa ya hapa. Wenzetu wa Oman, nchi nyingine za Ghuba na Marekani nimewawekea maelezo mafupi mbele. Somo ni refu kidogo, lichapishe au lihifadhi usome taratibu.

1. VIFAA GANI TUNAVIZUNGUMZIA?

a) Sensa za sukari. Hizi ndizo zimeenea zaidi. Zinapima sukari kwenye majimaji yaliyo chini ya ngozi na kupeleka majibu kwenye simu. Hapa Uingereza FreeStyle Libre ilianza kutolewa kwa cheti cha NHS mwezi Novemba 2017. Mwezi Machi 2022 mwongozo wa NICE ukasema kila mtu mzima mwenye kisukari aina ya kwanza apewe nafasi ya kutumia sensa, pamoja na baadhi ya wenye aina ya pili wanaojichoma insulini mara kadhaa kwa siku. Ndiyo maana siku hizi ukienda harusini au msikitini unaziona mikononi mwa watu.

b) Pampu za insulini. Zipo zenye mrija, na zipo zile za kubandika mwilini moja kwa moja kama Omnipod, ambazo hutupwa nzima nzima kila baada ya siku 3.

c) Vifaa vya kusaidia kusikia. Wazee wetu wengi wanavyo. Vingi vinatumia betri ndogo za hewa na zinki.

d) Vibandiko vya kupima mapigo ya moyo. Unavaa kifuani siku kadhaa halafu unakirudisha kwa waliokupa.

e) Mashine za presha za nyumbani na saa za mazoezi. Mashine ya presha huivai siku nzima, lakini ina mkanda, bodi ya umeme na betri, kwa hiyo naiweka humu humu.

2. NDANI YAKE MNA NINI?

Ukiitazama sensa kwa nje unaona plastiki nyeupe na gundi. Ndani yake kuna bodi ndogo ya umeme, chipu, antena, betri ndogo kama kidonge na uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Uzi huo umepakwa kimeng'enya kinachotambua sukari. Pampu ya kubandika ina zaidi ya hapo: betri kadhaa, kifaa cha kusukuma dawa, kisima cha insulini na sindano ya kuingizia mrija.

Watu wengi wanafikiri tatizo la mazingira ni plastiki tu. Plastiki ni tatizo ndiyo, lakini wataalamu waliopima vifaa hivi tangu kutengenezwa hadi kutupwa wamekuta kwamba mzigo mkubwa wa hewa ya ukaa unatoka kwenye bodi ya umeme na chipu zake. Chipu inahitaji umeme mwingi, maji yaliyosafishwa sana na kemikali nyingi kuitengeneza. Hata ikiwa ndogo kuliko punje ya mchele, kiwanda chake si kidogo.

Halafu kuna madini. Bodi za umeme zina shaba na dhahabu kidogo. Betri za sensa nyingi zina fedha. Simu tunayotumia kusoma majibu ina kobalti kwenye betri, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Katanga. Vifaa vidogo vya kielektroniki vinatumia pia tantalamu, inayotokana na koltani ya Kivu na Rwanda. Dhahabu nayo, ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Geita wanaikamata kwa zebaki, na zebaki hiyo inaingia hewani na kwenye maji. Kwa hiyo jambo hili si la Wazungu peke yao. Kifaa kinaanza na ardhi yetu na, kama tutakavyoona, wakati mwingine kinarudi kwetu kikiwa takataka.

3. HESABU YA MWAKA MMOJA

Tufanye hesabu ndogo. Mwaka una siku 365.

- Sensa ya siku 15: kama 25 kwa mwaka.
- Sensa ya siku 14: 26 kwa mwaka.
- Sensa ya siku 10: kama 37 kwa mwaka.
- Pampu ya kubandika ya siku 3: kama 122 kwa mwaka.

Mtu mwenye sensa ya siku 10 pamoja na pampu ya kubandika anatupa vifaa vya umeme kama 159 kwa mwaka, vyote vikiwa na betri ndani. Hapo sijahesabu maboksi, vikopo vya kubandikia, pamba na karatasi za maelezo zenye lugha ishirini. Watu 1,000 wenye sensa za siku 10 wanatupa sensa 36,500 kila mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kinachojaa ni dampo.

Lakini tuwe waadilifu. Zamani mtu aliyejipima kwa kujichoma kidole mara 4 kwa siku alitumia vibanzi 1,460 kwa mwaka, na vichomeo vingi tu. Hizo nazo zilikuwa taka. Tofauti ni kwamba vibanzi havikuwa na betri wala chipu.

4. MADHARA YANATOKEA WAPI?

Kwenye gari la taka. Betri ikiwa pipani, gari linaikandamiza. Betri ya lithiamu ikipasuka inaweza kuwaka moto mkali ambao si rahisi kuuzima. Wakuu wa zimamoto wa Uingereza walitangaza mwaka 2024 kwamba moto uliosababishwa na betri kwenye magari na vituo vya taka ulitokea zaidi ya mara 1,200 ndani ya mwaka mmoja. Wengi wa moto huo hautokani na vifaa vya hospitali, ni simu, sigara za umeme na vifaa vingine. Lakini betri haijui ilitoka kwenye nini. Na tusisahau kwamba wanaofanya kazi kwenye magari hayo na kwenye mikanda ya kuchambulia taka ni watu kama sisi. Wapo ndugu zetu wengi waliofikia nchi hii wakaanzia huko.

Kwa mchambuaji taka. Kikopo cha kubandikia sensa kina sindano ndani hata kama huioni. Kikivunjika kwenye mkanda, sindano inamchoma mtu asiyejua damu ile ni ya nani. Atapimwa virusi vya homa ya ini na UKIMWI, atasubiri majibu kwa wiki, atalala macho. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunaijua hofu hiyo.

Kwenye kichomeo na dampo. Betri zikichomwa zinaweza kulipuka. Zikizikwa, metali zake zinaweza kuvujia kwenye udongo na maji. Na kila kilichozikwa ni madini yaliyopotea, inabidi mengine yachimbwe.

Duniani kote. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Barani Afrika kiwango cha kurejeleza hakifiki asilimia 1. Vifaa vya afya ni sehemu ndogo ya mlima huo, lakini vinaongezeka haraka, na vina tatizo ambalo redio mbovu haina: vimegusa damu.

5. HATARI ILIYO KARIBU ZAIDI: MTOTO NA BETRI KIDONGE

Kabla hatujafika kwenye dampo, tuangalie sebuleni. Betri za duara zinazofanana na kidonge au sarafu ni hatari sana kwa watoto. Mbaya zaidi ni zile za lithiamu zenye upana wa milimita 20, kama CR2032, kwa sababu zinanasa kwenye koo la chakula. Zikinasa, umeme wake ukikutana na mate unatengeneza kemikali kali inayounguza nyama. Ndani ya saa 2 tu koo linaweza kuungua vibaya, na mtoto anaweza kufa siku kadhaa baadaye kwa kutokwa na damu. Betri iliyokwisha nguvu kwenye kifaa bado ina nguvu ya kutosha kumuunguza mtoto!

Zile ndogo za vifaa vya kusikia watoto huziingiza puani au sikioni, na humo nako zinaunguza.

Ukishuku mtoto amemeza betri:
- Usisubiri dalili. Wengine hawaonyeshi kitu mwanzoni. Wengine wanatokwa mate, wanakataa kula, wanakohoa au wanatapika.
- Nenda mara moja idara ya dharura ya hospitali au piga simu ya dharura: 999 Uingereza, 911 Marekani.
- Waambie waziwazi, "Nadhani amemeza betri." Usiseme "amemeza kitu".
- Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji isipokuwa wahudumu wa dharura wakuelekeze.
- Chukua pakiti ya betri au kifaa kilichotoka betri ili wajue ni aina gani.

Bibi anayekaa na wajukuu asibadilishe betri za sikio akiwa kwenye kochi na kuziacha juu ya meza. Azibadilishe mahali pa juu, na zilizokwisha aziweke kwenye chombo chenye kifuniko kigumu.

6. JE, NIACHE KUTUMIA SENSA ILI NITUNZE MAZINGIRA?

Hapana. Narudia, hapana. Kuna wasomaji wawili watatu walioniambia wanaona haya wakitazama pipa lao, na wanafikiria kurudi kwenye kujichoma kidole au kupima mara moja moja. Tafadhali msifanye hivyo bila kuongea na timu yenu ya kisukari.

Kisukari kisichodhibitiwa kinaleta upofu, figo kufa, kukatwa mguu na kiharusi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki anatumia maji, umeme na plastiki kwa kiasi ambacho sensa zako za mwaka mzima haziwezi kukikaribia. Kwa hiyo hata ukitazama mazingira peke yake, kifaa kinachokukinga na figo kufa kinaweza kuwa na faida. Na wanaofunga Ramadhani wanajua sensa inavyosaidia kuona sukari ikishuka saa kumi alasiri kabla hujaanguka.

Wajibu wako wa kwanza ni afya yako. Wa pili ni kukitumia kifaa vizuri kisiharibike bure. Wa tatu ni kukitupa mahali pake. Na mzigo wa kutengeneza vifaa vinavyodumu na kupokea vilivyokwisha uko kwa makampuni na serikali. Mgonjwa asibebeshwe peke yake.

7. NAMNA YA KUTUPA: HATUA KWA HATUA (UINGEREZA)

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, na si kosa lao. Sensa iliyotumika ni kifaa cha umeme, ina betri, na imegusa majimaji ya mwili. Vitu vyenye sindano vinakwenda kwenye kasha la njano, na makasha mengi ya aina hiyo yanachomwa moto. Lakini maelekezo ya watengenezaji, kwa mfano ya FreeStyle Libre, yanasema sensa isichomwe kwa sababu ya betri. Upande mwingine, sheria ya taka za umeme haivihusu vifaa vya tiba vinavyotarajiwa kuwa na maambukizi. Kwa hiyo kila kansili na kila kliniki ina utaratibu wake. Fanya hivi:

Hatua ya 1. Kikopo cha kubandikia, vichomeo na sindano za kalamu ya insulini. Weka kwenye kasha la njano. Unalipata kwa cheti cha GP kwenye duka la dawa. Usilijaze kupita mstari. Likifika mstarini, lifunge na ulipeleke au lichukuliwe kufuatana na utaratibu wa eneo lako. Maeneo mengine kansili inakuja kuchukua, mengine unapeleka duka la dawa au kwa GP. Usitumie chupa ya soda wala kopo la maziwa ya unga.

Hatua ya 2. Sensa yenyewe. Ikimaliza siku zake, ibandue taratibu. Usiivunje kutoa betri, utajichoma na uzi. Uliza timu ya kisukari au kansili swali moja la wazi: "Sensa iliyotumika yenye betri ndani mnataka niiweke wapi?" Wakati unasubiri jibu, ziweke kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, mbali na watoto. Usizitupe kwenye pipa la kurejeleza plastiki. Hapo hazifai kabisa.

Hatua ya 3. Pampu ya kubandika. Piga simu ya huduma ya kampuni uulize kama wana mpango wa kupokea zilizotumika. Baadhi ya makampuni wanayo mipango hiyo na hawakutozi, lakini usipouliza hawatakuambia.

Hatua ya 4. Betri zilizo peke yake. Tangu Februari 2010 duka linalouza zaidi ya kilo 32 za betri ndogo kwa mwaka lazima lipokee betri zilizokwisha bila malipo. Maana yake ni supamaketi karibu zote kubwa. Betri za lithiamu zifunike pande zote mbili kwa selotepu kabla ya kuzipeleka, zisigusane zikatoa cheche. Betri za vifaa vya kusikia ziulize kwenye kliniki yako ya masikio, nyingi zinazipokea unapochukua mpya.

Hatua ya 5. Mashine ya presha, kisomeo cha sukari cha zamani, saa. Toa betri kwanza. Duka kubwa lenye eneo la kuuzia vifaa vya umeme la mita za mraba 400 au zaidi linatakiwa kupokea kifaa kidogo kisichozidi sentimita 25 hata kama hununui kitu. Au peleka kituo cha taka cha kansili. Ukiona alama ya pipa lililopigwa msalaba kwenye kifaa, maana yake kisiingie pipa la nyumbani.

Hatua ya 6. Futa taarifa zako. Kisomeo na simu ya zamani vina kumbukumbu za sukari yako, miadi, hata jina na tarehe ya kuzaliwa. Zifute kabla hujakigawa.

Hatua ya 7. Insulini iliyobaki au iliyopita muda irudishe duka la dawa. Usiimwage chooni.

Kwa walio nchi nyingine: Marekani, sheria za sindano na betri zinatofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, kwa hiyo muulize mfamasia wako. Oman, shirika la be'ah ndilo lenye dhamana ya taka za nchi. Anzia kituo chako cha afya na uulize wanapokea nini. Kwingine kwote kanuni ni ile ile: sindano kwenye chombo kigumu, betri kando, na uliza kabla ya kutupa.

8. NAMNA YA KUPUNGUZA TAKA BILA KUHATARISHA AFYA

- Hakikisha sensa inamaliza siku zake zote. Nyingi zinadondoka kwa sababu ngozi ilikuwa na mafuta au losheni. Osha kwa sabuni isiyo na manukato, kausha, pangusa kwa kitambaa cha spiriti, subiri ikauke kabisa ndipo ubandike. Kama unanyoa sehemu hiyo, nyoa mapema.
- Chagua mahali pasipogongwa na mlango, mkoba au mkanda wa sidiria. Kina mama mnaobeba mtoto upande mmoja, bandikeni upande mwingine.
- Ngozi ikiwasha au kutoa vipele, mwambie muuguzi mapema. Zipo krimu na vibandiko vya kuzuia. Usibandue kila siku ya tatu ukitupa.
- Sensa ikiharibika kabla ya muda, usiitupe haraka. Piga simu ya kampuni. Mara nyingi wanatoa nyingine, na wakati mwingine wanataka ile mbovu irudishwe.
- Usirundike. Chukua cheti kadiri ya mahitaji. Sensa zina tarehe ya mwisho, na nyingi zimetupwa zikiwa kwenye boksi.
- Betri za hewa na zinki za masikio zinaanza kufanya kazi ukiondoa tu kile kikaratasi cha rangi. Ukikirudisha hazizimiki. Kwa hiyo ondoa unapotaka kutumia tu, iache ipate hewa dakika chache, ndipo uiweke. Usiku fungua mlango wa betri.
- Mashine ya presha nunua moja iliyothibitishwa, itunze miaka mingi. Mkanda ukichakaa, nunua mkanda peke yake kama unapatikana. Tumia betri za kuchaji.
- Usinunue saa au pete inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo. Ukiamini namba zake ukajichoma insulini, unaweza kupoteza maisha. Ni pesa iliyopotea na taka juu yake.

9. KUTUMA NYUMBANI: FIKIRIA KABLA YA KUFUNGA BOKSI

Sote tunatuma. Mama ana presha, mjomba ana sukari, na hapa kabatini kuna mashine. Nia ni njema kabisa. Lakini jiulize maswali haya:

Kwanza, kinafanya kazi? Kifaa kibovu usikitume kwa matumaini kwamba fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue atakitengeneza. Kikishindikana, hakuna kasha la njano wala kituo cha kansili mtaani kwake. Kitakwenda Pugu au Dandora, na atakayekifungua kwa jiwe ni mtoto anayetafuta shaba. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2021 kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye taka za kielektroniki na wale wanaoishi karibu nazo. Moshi wa nyaya na bodi zinazochomwa una risasi na sumu nyingine, na risasi inadumaza ubongo wa mtoto. Umri mdogo ndio unaoumia zaidi, hata tumboni.

Pili, vifaa vyake vinapatikana huko? Ukimpa mama sensa mbili, ni mwezi mmoja. Mwezi wa pili atatumia nini? Mara nyingi ni bora kumnunulia kisomeo cha kawaida ambacho vibanzi vyake vinauzwa duka la dawa la karibu, na kumtumia hela ya vibanzi kila mwezi.

Tatu, sensa imepita muda? Kile kimeng'enya kinapungua nguvu, na namba inaweza kuwa ya uongo. Sensa iliyokwisha kutumika haivaliwi tena na mtu mwingine, kwa vyovyote vile.

Nne, umeme. Walio Marekani, adapta ya volti 120 ukiichomeka Dar es Salaam au Mombasa itaungua. Angalia imeandikwa 100–240. Kama haijaandikwa hivyo, usiitume.

Tano, sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali. Kontena lenye mashine mbovu lililoandikwa "msaada" linaweza kukwama bandarini na kuwaletea matatizo waliolituma. Jumuiya zinazokusanya vifaa kwa ajili ya hospitali za nyumbani zipime kila kimoja, ziandike orodha, na ziwaulize kwanza wa hospitali wanahitaji nini.

Mimi nina kipimo kimoja rahisi: kama kifaa ni kibovu kiasi kwamba wewe hukitaki, kitupe hapa ambako kuna mahali pa kukitupa.

Na kwa walioko nyumbani wanaotusoma, Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki na kuzichambua. Betri na mashine zikusanywe zipelekwe kwenye vituo kama hivyo. Msizichome uani.

10. MASWALI NINAYOULIZWA

"Dada, sensa moja tu nikitupa pipani kuna shida gani?" Moja haionekani. Lakini jirani anasema hivyo hivyo, na kesho kutwa ni elfu. Zaidi ya hapo, kile kikopo chenye sindano kimoja tu kinatosha kumchoma mtu.

"Kansili wamenijibu hawajui. Nifanyeje?" Waandikie barua pepe ili kuwe na kumbukumbu, na nakala umpelekee diwani wako. Wakiulizwa na wengi, watatafuta jibu. Muulize pia muuguzi wa kisukari kwenye miadi ya mwaka. Kama Kiingereza ni kigumu, omba mkalimani, ni haki yako NHS na hulipi.

"Kwa nini wasitengeneze sensa ya kuchaji?" Swali zuri sana. Sehemu inayoingia mwilini lazima ibadilishwe, lakini sehemu ya umeme si lazima itupwe kila mara. Sensa za Dexcom G6 zilikuwa na kirushio kilichotumika miezi 3, ilhali G7 iliyokuja baadaye ni kipande kimoja kinachotupwa chote. Ni rahisi kwa mgonjwa, lakini chipu na betri vinatupwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo inawezekana kutengeneza kwa njia nyingine, na wanunuzi wakubwa kama NHS wanaweza kuwabana makampuni. Sisi wagonjwa tukiuliza tunasaidia.

"Nikivaa sensa, mionzi yake inadhuru mtoto ninayemnyonyesha?" Mawimbi yake ni ya nguvu ndogo sana, kama ya vifaa vya masikioni vya simu visivyo na waya. Kilicho hatari kwa mtoto ni betri akiimeza, kwa hiyo nguvu zako zielekeze huko.

11. JIPIME

Kabla hujafunga ukurasa, jibu haya bila kuangalia juu:
1. Sehemu gani ya sensa ina mzigo mkubwa wa hewa ya ukaa?
2. Mtoto amemeza betri kidonge na anacheza vizuri tu. Unafanya nini?
3. Kikopo cha kubandikia sensa kinakwenda wapi, na kwa nini?
4. Betri ya lithiamu unaifanyia nini kabla ya kuipeleka dukani?
5. Taja maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kutuma mashine nyumbani.

Majibu: (1) Bodi ya umeme na chipu. (2) Hospitali mara moja, humtapishi, humlishi. (3) Kasha la njano, kwa sababu kina sindano ndani. (4) Unafunika pande zote mbili kwa selotepu. (5) Yoyote mawili kati ya yale matano.

Kazi ya wiki hii: kusanya betri zote zilizokwisha zilizo kwenye droo ya jikoni, funika kwa selotepu, na ukienda supamaketi Jumamosi zipeleke. Halafu piga simu kliniki uulize kuhusu sensa zako. Dakika kumi zinatosha.

Maelezo haya ni ya elimu tu na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari au muuguzi wako. Usibadilishe dawa wala kifaa kwa sababu ya makala. Nawatakia afya njema nyote, na wagonjwa wote Mungu awape nafuu. Tukutane katika somo lijalo.